Njia za Akiba za Ujumbe wa Simu: Jinsi ya Kuziweka Zisife



Tumepata maswali mengi kutoka matawini juu ya zile seva ziitwazo proksi, ambazo hupitisha ujumbe wa simu pale njia ya kawaida inapofungwa. Wako wanaouliza ni kitu gani. Wako wanaojua, lakini hulalamika kwamba anwani waliyopewa na jamaa zao ilifanya kazi wiki moja, kisha ikafa. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa ukamilifu katika ukurasa huu.

Huenda mtu akasema kwamba haya si mambo ya mikarafuu. Sisi twaona ni ya mikarafuu hasa. Msimu ukifika, wachumaji huitwa kwa simu. Habari ya mvua hutoka shamba moja kwenda jingine kwa simu, na karafuu iliyoko jamvini ikinyeshewa kwa kukosa habari hiyo, hasara ni ya mwenye shamba. Fedha hutumwa kwa simu, na mgonjwa hutangazwa kwa simu. Basi njia ya habari ni chombo cha kazi kama ngazi na jamvi, na chombo cha kazi hutunzwa.

SAFARI YA UJUMBE MMOJA

Tuseme mwanachama yuko Wete, na mdogo wake anafanya kazi Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, huko Ufipa mkoani Rukwa. Mwanachama anamwandikia kwa WhatsApp kwamba mama yao anaumwa. Ujumbe huo hauendi moja kwa moja kutoka Pemba mpaka Ufipa. Kwanza unatoka katika simu kwenda kwenye mnara, kisha kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kisha unavuka bahari kwa nyaya ziendazo nchi za nje, mpaka kwenye seva za wenye WhatsApp. Ndipo unarudi kwa njia kama hiyo mpaka bara, ukapanda hadi Sumbawanga na Namanyere, na simu ya mdogo mtu ikalia. Safari yote hiyo huchukua muda mfupi kuliko kukohoa, na kwa hiyo watu hudhani hakuna safari.

Lakini safari ipo, na kila penye safari pana mahali pa kukwama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika katika bahari ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za pwani yetu, Tanzania ikiwa mojawapo, zikapata intaneti kwa shida. Hakuna aliyefunga njia kwa makusudi siku ile. Uzi ulikatika tu.

KUFUNGWA KUNA NAMNA MBILI

Hapa twaomba msomaji asikilize vizuri, maana wengi huchanganya mambo mawili.

Namna ya kwanza ni kufunga mlango mmoja. Intaneti inaendelea, lakini huduma fulani haipatikani. Kampuni za simu huamrishwa zisipitishe kitu chochote kiendacho kwenye seva za huduma hiyo. Ndivyo ilivyokuwa hapa Tanzania tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, WhatsApp na Twitter zilipozuiwa. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X, ambao ndiyo hiyo Twitter ya zamani, ulizuiwa tena. Jamaa zetu walioko Dubai nao wanaijua namna hii. Huko kwa miaka mingi maandishi ya WhatsApp yamekuwa yakipita, lakini mazungumzo ya sauti kwa WhatsApp yamezuiwa.

Namna ya pili ni kufunga barabara nzima. Hapo hakuna kitu kipitacho. Uganda walionja namna zote mbili katika juma moja la Januari 2021: tarehe 12 mitandao ya kijamii ilifungwa, na tarehe 13 usiku intaneti yote ikazimwa, ikaanza kurudishwa tarehe 18. Sisi wenyewe tuliionja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipokatika nchi nzima, na ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba.

Proksi ni dawa ya namna ya kwanza tu. Kwa namna ya pili haifai kitu, kama vile ufunguo wa akiba usivyomfaa mtu ambaye daraja la kwenda nyumbani kwake limevunjika. Mtu atakayekuambia kwamba proksi yake itafanya kazi hata intanenti yote ikizimwa, huyo ama hajui, ama anakuuzia upepo.

PROKSI NI NINI

Visiwa hivi si vigeni kwa kazi ya kupokezana habari. Mwaka 1879 uzi wa simu ya maandishi uliolazwa baharini kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini kupita Msumbiji mpaka Durban. Siku zile kituo kilipokea habari upande mmoja na kuituma upande wa pili, na habari ikawa inasonga mbele kituo kwa kituo.

Proksi ni kituo cha namna hiyo. Ni kompyuta ndogo ya kukodi, iliyowekwa nchi ambayo huduma haikuzuiwa. Simu yako haiendi tena kwenye seva za WhatsApp. Inakwenda kwenye kituo hiki, nacho kinapeleka mbele na kurudisha majibu. Aliyepewa amri ya kuzuia seva za WhatsApp anaona tu kwamba unazungumza na kompyuta fulani huko ng'ambo.

Wenye WhatsApp walitangaza huduma hii tarehe 5 Januari 2023, na nafasi ya kuandika anwani ya proksi imo katika mipangilio ya simu, penye habari za hifadhi na data. Wenye Signal walitangulia mwaka 2021, baada ya huduma yao kuzuiwa huko Iran. Telegram nao wanayo ya kwao. Programu ya kuendeshea kituo hutolewa bure na wenye huduma wenyewe, na mtu yeyote mwenye ujuzi wa wastani wa kompyuta aweza kuisimamisha kwa saa moja au mbili.

Je, mwenye kituo aweza kusoma barua zako? Hawezi. Ujumbe wa WhatsApp na Signal hufungwa kwa siri katika simu ya mtumaji na kufunguliwa katika simu ya mpokeaji tu. Kituo hupokea bahasha iliyofungwa na kuipeleka hivyo hivyo. Lakini anaona bahasha imetoka wapi, yaani anwani ya intaneti ya simu yako, na saa uliyoituma. Kwa hiyo tumia kituo cha mtu unayemjua. Usitumie anwani iliyookotwa njiani.

Jambo moja zaidi: kituo kilichowekwa ndani ya nchi hakisaidii. Kompyuta iliyoko Mjini Unguja au Dar es Salaam inatoka nje kwa mlango uleule uliofungwa. Hapana budi kituo kiwe nje, nako kuwe nchi ambayo nayo haizuii.

KWA NINI VITUO HUFA

Kusimamisha kituo ni kazi ya siku moja. Kukiweka hai mwaka mzima ndiyo kazi yenyewe, sawa na mkarafuu: kupanda ni rahisi kuliko kupalilia. Sababu za kufa aghalabu ni hizi:

1. Kodi haikulipwa. Seva hukodiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kadi ya benki ya mwenye kulipa ikiisha muda, barua ya kumkumbusha ikaingia mahali asipopasoma, seva huzimwa. Hii ndiyo sababu ya kipuuzi kuliko zote, na hutokea sana.

2. Jina limekwisha muda. Vituo vingi huitwa kwa jina, na jina la intaneti hukodiwa kwa mwaka. Lisipolipiwa, kituo kipo hai lakini hakuna awezaye kukifikia.

3. Cheti kimekwisha. Proksi ya Signal huhitaji cheti cha kuthibitisha kwamba jina ni lake. Vyeti vya bure vinavyotumika sana hudumu siku 90, na watoaji wametangaza kwamba muda huo utapunguzwa mpaka siku 45. Kituo kilichowekwa vizuri huomba cheti kipya chenyewe kabla ya siku kutimia. Kilichowekwa vibaya hufanya kazi miezi mitatu, kisha siku moja kinakataa kila mtu. Wale wanaosema "kilikuwa kizima jana" wachunguze hapa kwanza.

4. Kompyuta iliwashwa upya, lakini programu haikuamka. Makampuni ya seva huzima na kuwasha mitambo yao kwa matengenezo. Lazima programu ya proksi iagizwe tangu mwanzo kwamba kila kompyuta iwakapo, nayo iamke bila kungoja mtu.

5. Nafasi imejaa. Programu huandika daftari ya kila linalopita. Daftari hiyo ikiachwa bila kufutwa hujaza ghala, na kompyuta husimama kama mashua iliyopakiwa kupita kiasi. Dawa ni kuamuru daftari iandikwe kidogo na kufutwa yenyewe. Tena, daftari fupi ni salama zaidi kwa watumiaji.

6. Milango imefungwa kwa makosa. Proksi ya WhatsApp hupokea kwa milango yenye nambari 80, 443 na 5222. Kampuni nyingi za seva hufunga milango mpaka mwenyewe aagize ifunguliwe. Bora kutegemea 443, maana ndio mlango wa biashara zote za kawaida za intaneti, na ni shida kuuziba bila kuziba na mengine.

7. Anwani imejulikana na kuzuiwa. Kituo kinachotangazwa hadharani hupata wageni wengi kwa siku moja. Wageni hao hukilemea, na katika wao yumo atakayeipeleka anwani kwa mwenye kuzuia. Kituo cha jamaa thelathini wanaojuana hudumu. Kituo cha watu elfu thelathini kina maisha mafupi.

HESABU YA VITUO VITATU

Wapemba na Waunguja hawahitaji kufundishwa hasara ya kutegemea uzi mmoja. Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa uzi mmoja wa baharini kutoka bara. Mwaka 2008 ulipopata hitilafu, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja. Ukaharibika tena Desemba 2009, na giza likaendelea mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Uzi wa pili, mkubwa zaidi, ulikuja kuwashwa mwaka 2013.

Sasa tufanye hesabu. Kituo kimoja cha proksi kikiwa hai siku 95 katika kila 100, huonekana ni kizuri. Lakini hizo siku 5 zilizobaki ni sawa na siku 18 katika mwaka. Weka vituo viwili vya namna hiyo, kila kimoja kikijitegemea. Nafasi ya vyote viwili kufa kwa pamoja ni sehemu 5 katika 100, mara sehemu 5 katika 100, yaani 25 katika 10,000. Hiyo ni kama saa 22 katika mwaka. Weka vitatu, na saa hizo hupungua mpaka kama saa 1 tu kwa mwaka mzima. Ona faida! Vituo vitatu vya kawaida vimeshinda kituo kimoja cha fahari.

Lakini hesabu hii ina sharti lake: kila kimoja kijitegemee. Ukikodi seva tatu katika kampuni moja, kwa kadi moja ya benki, chini ya jina moja, huna vituo vitatu. Una kituo kimoja chenye vichwa vitatu. Kadi ikikataa, vyote hufa siku moja. Tazama Namanyere ilivyo: mtu wa pale akizuiliwa na mvua barabara ya kusini iendayo Sumbawanga, iko barabara ya kaskazini iendayo Mpanda; na zote mbili zikiharibika, iko njia ya kuteremka ziwani Tanganyika, kwenye bandari ya Kirando, akapanda chombo. Hizo ndizo njia tatu kweli, kwa sababu mvua inayoharibu mojawapo haiharibu lazima nyingine. Vituo vyenu viwe hivyo: nchi mbalimbali, kampuni mbalimbali, walipaji mbalimbali, na majina mbalimbali.

WALINZI NA ZAMU

Kituo kisichotazamwa hakijulikani kama kimekufa mpaka siku ya shida. Ziko programu za bure zinazogonga mlango wa kituo kila dakika tano, na kisipojibu humpelekea mlinzi habari. Hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Programu iliyoko London ikisema kituo ni kizima, maana yake ni kwamba kinafikika kutoka London. Huenda kutoka Pemba kimezuiwa. Kwa hiyo ukaguzi uwe wa pande mbili: mashine igonge kutoka nje, na mtu mmoja aliyeko hapa ajaribu kwa simu yake mara moja kwa juma, na mwenziwe aliyeko bara, kama yule ndugu wa Namanyere, ajaribu kwa kampuni ya simu nyingine. Matokeo ya Wete na matokeo ya Namanyere yakitofautiana, mmejua tatizo liko njiani, haliko kituoni.

Pia wawepo walinzi wasiopungua wawili wenye funguo za kila kituo. Mlinzi mmoja huugua, husafiri, hupoteza simu. Kila mmoja awe na karatasi iliyoandikwa: kampuni gani, inalipwa lini, jina linakwisha lini, cheti kinakwisha lini. Karatasi ya namna hiyo haipotei kwa kukatika umeme. Siku za malipo zisipangwe zote katika mwezi mmoja. Na programu za seva zipate marekebisho mapya kila zinapotolewa, maana seva iliyozeeka huingiwa na wezi, na kituo kilichoingiwa hakifai tena; kifutwe na kusimamishwa upya.

Kituo kimoja kati ya vitatu kisigawiwe kwa mtu yeyote. Kikae ghalani kama mbegu. Viwili vikizuiwa, ndipo anwani ya tatu itolewe. Hata hivyo kikaguliwe kama vingine, kwa sababu mbegu isiyotazamwa huliwa na wadudu.

HABARI YA SHERIA

Haitakuwa uaminifu kuyaeleza haya yote bila kutaja sheria. Mawasiliano ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo msimamizi wake bara na visiwani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa matumizi ya vyombo vya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyokatazwa. Tena Oktoba 2023 mamlaka hiyo ilitoa tangazo kwamba watu na makampuni wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Proksi ya ujumbe si VPN: yenyewe hupitisha huduma moja tu, na VPN hupitisha kila kitu. Lakini ni ndugu wa karibu, na mtu asiseme kwamba hakuambiwa. Anayetaka kutumia na aulize kwanza, ajue anasimama wapi. Na jamaa wa ng'ambo atakayesimamisha kituo naye aangalie sheria za huko aliko.

MASHAURI YETU KWA MATAWI

Twashauri mambo machache ambayo hayana gharama kubwa, na mengine hayana gharama kabisa.

Kwanza, kila mwanachama aandike katika daftari la karatasi nambari za simu za watu wake muhimu: msimamizi wa shamba, wachumaji, dereva, jamaa wa bara. Siku WhatsApp isipofunguka, simu ya kawaida na ujumbe mfupi wa maandishi huenda vikafanya kazi, lakini nambari zilizomo ndani ya kikundi cha WhatsApp hazitaonekana kwa urahisi.

Pili, mpango wa akiba ufanywe wakati wa amani. Anwani ya proksi haiwezi kutumwa kwa WhatsApp siku WhatsApp imefungwa. Ipokelewe mapema, iandikwe katika simu, ijaribiwe, kisha izimwe mpaka siku ya haja.

Tatu, pesa ya wachumaji isitegemee njia moja ya simu. Katika juma la kulipa, akiba ya fedha taslimu iwepo nyumbani au kwa mtu mwaminifu. Mchumaji aliyepanda mti tangu alfajiri hawezi kuambiwa jioni kwamba mtandao haupo.

Nne, asikubali mtu kulipia anwani ya proksi kwa mgeni, wala kupakia programu iliyotumwa katika kikundi ikidai kuwa ni "WhatsApp isiyofungwa." Anwani ya proksi huandikwa ndani ya programu yako ile ile ya kawaida, haihitaji programu nyingine. Anayekutumia programu anataka kuingia katika simu yako, na katika simu yako ndimo ilimo pesa yako.

Tano, matawi yenye vijana wanaojua kompyuta na jamaa ng'ambo wakitaka kushirikiana, washirikiane matawi matatu, kila tawi na kituo chake, na kila tawi limkague mwenziwe. Karatasi za tarehe za malipo, majina na vyeti ziwekwe pamoja na vitabu vya tawi, zisomwe katika mkutano wa kila mwezi, na mlinzi wa zamu aseme mbele ya wanachama: kituo kilikaguliwa lini, na nani, na kilijibu au hakikujibu.